Mwalimu Afua Pokuaa na Kaburi la Ukingoni mwa Msitu

Marehemu Mwalimu Afua Pokuaa alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1952, hapa Nkwaeso, mtoto wa kwanza wa mama yetu, Bibi Ama Frema. Mimi mdogo wake, Yaw, nilipozaliwa nilikuta nyumba imeshajaa maswali yake.

Alianza shule mwaka 1959. Siku mwalimu aliposema mwanadamu amepewa kuwatawala wanyama wote, Afua alinyoosha mkono: "Wenyewe waliambiwa?" Akaadhibiwa kuteka maji wiki nzima. Hata hivyo alihitimu ualimu Sunyani mwaka 1974, akarudi kufundisha darasa la tatu hapa hapa hadi alipostaafu mwaka 2012. Wazazi mnajua alivyowasumbua.

"Mwalimu, mtoto ananiuliza miti inalala saa ngapi. Nimjibu nini?"

"Mwambie hujui, mama. Kisha mkae nje muitazame."

Tarehe 8 Aprili 1978 aliolewa na katekista wetu, Mzee Kwabena Gyabaa. Mwezi haujaisha, kima mmoja akafia nyuma ya jiko lao. Desturi yetu ni kwamba ukimkuta kima amekufa, unamvika sanda na kumzika kama mtu. Shemeji akagoma.

"Mimi katekista nimfanyie kima matanga? Watu watanionaje?"

"Ameiba ndizi zetu, amelala juu ya bati letu. Kama huyu si jirani, jirani ni nani?"

Dada alimzika peke yake, kwa kitenge chake kipya. Wakapendana miaka arobaini na sita, wakibishana jambo hilo hilo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hali ilipozidi, aliomba azikwe hapa ukingoni mwa msitu, wanapozikwa kima. Wazee wa kanisa walinuna, lakini wakakubali. Kilichomtesa ni kingine.

"Na wewe, Kwabena, utalala wapi?"

"Makaburi ya kanisa, mke wangu. Si unajua?"

Aligeukia ukutani akalia. Nilikuwepo, nami nililia. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, bila kuuliza tena.

Ameacha mume, watoto watatu, Adwoa, Kofi na Akosua, wajukuu saba, na mimi.

Juzi wachimba kaburi walipofika hapa, walimkuta shemeji ametangulia, amekwisha kupigilia vigingi na kufunga kamba.

"Mzee, mbona pana hivi? Marehemu ni mmoja."

"Chimbeni upande ule," akawaambia. "Huu ni wangu."

Pumzika kwa amani, dada. Atakuja.