Mzee Rodrick Ndesanjo, Mtunza Picha wa Sekei

Kwa huzuni, na kwa taarifa ya wote waliowahi kuambiwa "rudi Jumatatu," familia inatangaza kwamba Mlinzi Mkuu wa Kumbukumbu za Sekei, cheo alichojipa mwenyewe, ametutoka bila kuacha picha hata moja inayofunguka. Hiyo iliyo mbele ya jeneza imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake, ndiyo maana anaonekana kama mtu aliyekamatwa.

Marehemu alizaliwa Machame tarehe 14 Machi 1951. Alisoma huko huko mpaka kidato cha pili, akatoka. Alisema shule ilikuwa inamchelewesha. Shule nayo haikumfuata.

Mwaka 1979 alifungua studio ya picha Sekei. Hakuna bibi harusi aliyeisahau sauti yake: "Kidevu juu, mama, ng'ombe wameshapokelewa."

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na Silantoi, binti wa Oldonyo Sambu. Silantoi alikuja na sanduku la nguo na fremu moja: marehemu mama yake amesimama na ndama, anacheka, jua likimpiga machoni. Mama yule hakupigwa picha nyingine maisha yake yote. Ilitundikwa sebuleni, na kila mtoto aliyezaliwa alinyanyuliwa mbele yake: "Haya, msalimie koko, bibi yako."

Mwaka 2010 marehemu alinunua skana na programu iitwayo Hazina ya Milele, akakusanya picha za mtaa mzima na kuziingiza humo. Binti yake Jackline, mtu wa masjala, alimwonya.

"Baba, hiyo programu inafungia picha kwa namna inayoijua yenyewe tu. Kampuni ikifa, zinakufa nayo. Weka na nakala za kawaida, zinazofunguka kwenye kompyuta yoyote."

"Za kawaida ni za watu wa kawaida, mama."

Picha zenyewe za karatasi akazichoma shimoni nyuma ya nyumba, eti mchwa wasimtangulie. Siku moja Silantoi alikuta fremu ya mama yake ina cheti cha Wakala Bora, zawadi ya kampuni. Akauliza.

"Mama yupo salama kuliko mimi na wewe," akaambiwa.

Akaamini. Mke wa mpiga picha, kwa habari za picha, angemwamini nani mwingine?

Kampuni ilifungwa mwaka 2018, programu ikagoma. Marehemu hakumwambia mtu. Aliyefuata picha yake aliambiwa umeme hakuna, kisha kompyuta iko kwa fundi, kisha Jumatatu. Cheti kinasomeka vizuri mpaka leo.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, figo zikafuata. Silantoi alimuuguza, akamwogesha, akamlisha. Marehemu alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2025, siku ya Jumatatu, ile aliyowaahidi wengi.

Ameacha mjane, watoto wawili, Jackline na Elihuruma, wajukuu watano, na diski ambayo Jackline ameizungusha kwa mafundi wote wa mji huu. Mungu ampumzishe kwa amani. Mjane ameomba apewe muda kidogo kabla ya kuitikia amina.

Maana siku moja kabla ya kifo, akimnywesha uji, alimuuliza kwa mara ya mwisho: "Baba Jackline, picha ya mama yangu iko wapi?"

Marehemu akameza kwanza.

"Ipo," akasema. "Haifunguki tu."