Shangazi Waya na Mashine Mbili Zilizokataa Kwenda Pamoja

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi mkuu wa sauti wa ukumbi wetu anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili. Sisi wengine, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti, tunamwita Shangazi Waya, naye anaitika.

Siku yake ya kwanza kazini aliifanya spika ipige yowe katikati ya hotuba, hadi mgeni rasmi akaziba masikio. Mkuu wake wa wakati huo alitaka kumhamishia kwenye kupanga viti. Shangazi akaomba avumiliwe wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Mimi ni fundi wa taa, kwa hiyo tumechungulia jukwaa kupitia dirisha moja. Najua kwamba chai haiingii chumba cha mitambo, hata kama anayeinywa ni mkurugenzi. Najua pia kwamba ukikunja waya ovyo, ataukunjua mbele yako bila kusema neno, na utatamani angesema.

Katika mengi aliyoyafanya, nachagua habari ya mpiga ngoma wetu. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikagoma. Alipotoka hospitali alikuja kutusalimia, akaitazama seti yake ya ngoma, akasema, “Shangazi, mimi sasa ni wa kuchana tiketi mlangoni.”

Shangazi hakumbembeleza. “Mkono wa kushoto si unao? Njoo Jumanne.”

Jumanne alimwekea mezani mashine ya ngoma, kisanduku chenye vitufe vya kugonga kwa vidole. Mke wa mpiga ngoma, ambaye ndiye mwimbaji wetu, alikuwa na mashine yake ya mguuni: anaimba mstari, anakanyaga, nayo inaurudia bila kuchoka huku yeye akiimba mwingine juu yake. Tatizo, kila mashine ilifuata saa yake. Walizipanga kwa kasi ileile, zikaanza pamoja vizuri tu, lakini baada ya mizunguko michache ngoma ilikuwa mbele na sauti inajikokota nyuma. Mpiga ngoma akaanza kuulizia tena habari za tiketi.

Shangazi akaamua moja iongoze, nyingine ifuate. Alivuta waya kutoka mashine ya ngoma hadi ile ya sauti ili ipokee mapigo ya mwenzake, kisha akaipanga ianze na kumaliza kunasa kila mstari kwenye pigo la kwanza la ngoma tu, hata mguu ukichelewa kidogo. Ikagoma. Alizigombeza mashine mchana kutwa, mpaka mwimbaji alipochungulia nyuma ya mashine yake na kuuliza kwa upole kama waya haukuchomekwa kwenye tundu la kutolea badala ya la kupokelea. Ulikuwa huko huko. Shangazi alicheka hadi akakaa sakafuni.

Zikaenda sambamba. Akabaki mpiga ngoma mwenyewe, ambaye akinogewa huongeza kasi, na kasi ikiguswa katikati ya wimbo kila kitu kinavurugika. Shangazi alikifunika kirungu cha kuzungushia kasi kwa utepe mweusi, akamwonya kwa kidole.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mkono wa kushoto ukagonga, mkewe akaimba, na sauti yake ikarudi pale pale ilipotakiwa, tena na tena, mpaka mtu mmoja akawa kwaya nzima. Mpiga ngoma alikuwa anatabasamu upande mmoja wa uso, na upande huo ulitosha. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vumbi la mitambo. Mume na mke hao wanapiga nasi hadi leo.

Shangazi, ahsante kwa kazi, kwa ukali na kwa vicheko. Chumba cha mitambo unakiacha mikononi mwa mafundi uliowafundisha wewe mwenyewe, na nyaya zimekunjwa unavyotaka. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu, na nyumba isiyo na kelele ila zile unazozipenda.