Kilele cha Mwisho cha Malachy Quirke

Ndugu, majirani, na ninyi watu wa mlimani mliosimama kule nyuma na viatu vya tope ndani ya kanisa la Mungu, karibuni nyote. Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 6 Novemba 2021, ni Malachy Joseph Quirke wa Ballinacroe, chini ya milima ya Galtee, kaunti ya Tipperary. Wengi mmekuwa mkidai kumjua. Haya hapa maisha yake, kwa mpangilio.

Malachy alizaliwa tarehe 9 Februari 1945, katika nyumba ya karibu na daraja, mtoto wa tatu wa marehemu Patrick na marehemu Josephine Quirke. Alitoka akitanguliza miguu. Mkunga alimwambia mama yake, "Huyu, bibi, hatakaa nyumbani," na mtoto akafanya kama alivyosemewa.

Alisoma shule ya msingi ya Ballinacroe kuanzia 1950 hadi 1958, kisha shule ya ufundi mjini kwa miaka miwili. Hakuwa mjinga, ila dawati lake lilikuwa karibu na dirisha. Siku moja mwalimu alimuuliza mlima Galtymore uko wapi kwenye ramani. Malachy hakuitazama ramani hata kidogo. Alinyoosha kidole nje akasema, "Ule pale, mwalimu, leo umevaa kofia." Alichapwa, kwa sababu siku hizo watoto walichapwa, lakini jibu lilikuwa sahihi.

Mwaka 1963 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa cha ushirika, akaendesha lori la maziwa hadi alipostaafu mwaka 2005. Kila shamba alilofika alipewa chai na mkate wa zabibu. Wake za wakulima walimpenda, na mkewe hakuwahi kuwaonea kijicho. Wale walikuwa na waume zao na ng'ombe wao, na lori lilirudi nyumbani kila jioni.

Mkewe huyo ni Nuala, binti Hackett. Walikutana kwenye dansi mwaka 1969, wakafunga ndoa tarehe 4 Septemba 1971 mbele ya madhabahu hii hii. Fungate walikwenda Killarney, na siku ya pili bwana arusi akaamka na wazo la kupanda Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote Ireland. Nuala alikuwa na viatu vya kanisani tu. Walipofika ziwani kisigino kimoja kikavunjika, akakaa juu ya jiwe.

"Nenda tu," alimwambia. "Mimi nitakaa hapa na kondoo."

"Siwezi kukuacha, mke wangu. Tushuke wote."

"Nenda, Malachy! Umekodolea macho kile kilele tangu jana, mimi hata hujanitazama."

Alikwenda, akarudi anacheka peke yake, mashavu mekundu. Akamwambia, "Kilele kimoja utasimama nami juu yake. Hata kikiwa kimoja." Nuala aliliweka neno hilo moyoni. Wakaja watoto, Gráinne na Declan, wakaja ndama wa kulishwa kwa chupa, akaja mama mkwe aliyelala kitandani miaka tisa, na neno likabaki palepale lilipowekwa.

Alipostaafu, Malachy alijiunga na chama cha watembea milimani. Hao ndugu wana orodha ya vilele vyote vya nchi, na kila mmoja wao anataka kuvikanyaga vyote kabla ya kufa. Wanapeana chai kwenye upepo, wanabebana kwenye matope, wanaitana majina ya utani, wanacheka mambo ambayo mtu aliyebaki nyumbani hawezi kuyacheka. Ni undugu wa kweli, hakuna anayebisha. Mwenye kubisha alikaa kimya akaosha vyombo.

Katika undugu huo alikuwamo Bi Assumpta Looby wa Clonmel, aliyestaafu kwenye duka la dawa, hajaolewa, mwenye miguu kama ya korongo. Kuanzia hapo jikoni kwa Quirke kukawa na Assumpta asubuhi na Assumpta jioni. Assumpta kasema mvua itakatika saa sita. Assumpta hapotei hata kwenye ukungu. Assumpta alimfumia Malachy kofia ya sufu ya bluu, na mwanamume aliyekataa kofia alizofumiwa na mkewe miaka thelathini na nne akaivaa ile hadi mezani.

"Chai yake ina nguvu," Malachy alisema siku moja, hana hili wala lile.

"Basi kanywe huko," alijibiwa.

"Kwani nimesema nini, mama Gráinne?"

Akapewa kitambaa akaushe vyombo.

Watu wa mlimani wana desturi yao. Mtu akifikia kilele cha mwisho katika orodha, wenzake wote hupanda naye. Hatua chache kabla ya kileleni husimama safu mbili na kuinua fimbo zao za kutembelea ziwe kama lango. Mwenye siku yake hupita chini ya fimbo hizo pamoja na mtu mmoja tu, yule aliyemchagua, na wawili hao ndio hugusa mawe ya juu kwanza. Malachy alipanga kumalizia Mweelrea, kule Mayo, tarehe 18 Juni 2016. Nuala alikuwa amewekewa nyonga ya bandia mwezi wa Aprili. Aliwaokea keki ya matunda yenye wiski, akabaki kwenye kiti karibu na dirisha. Aliyepita chini ya fimbo na Malachy alikuwa Assumpta. Picha ilitoka gazetini: wameshikana mikono, na keki ya Nuala iko kwenye mkono mwingine wa Assumpta. Malachy aliitundika jikoni. Nuala naye akapigilia msumari juu yake, akaanika kitambaa cha vyombo.

Mwezi wa Januari 2019 madaktari waligundua kwamba mapafu ya Malachy yalikuwa yanakakamaa. Kupanda ngazi tu kulimchosha. Watu wa mlimani walikuja kumwona kwa zamu, na mwezi wa Machi akaja Assumpta, ana tope hadi magotini na chombo cha kupimia kwenye begi.

"Malachy, kaa chini," alisema.

"Nimekaa, mwanamke. Siku hizi kazi yangu ni kukaa."

"Hujamaliza."

"Sijamaliza nini?"

"Orodha. Knockabranna ni kilele."

Knockabranna ni ile nundu iliyo juu ya shamba la Quirke, inayoonekana kutoka kwenye sinki. Ramani zote zilisema ni bega tu la mlima mwingine, kwa sababu kilele hakihesabiwi mpaka pawe na bonde la kina cha kutosha kati yake na jirani yake. Assumpta alikuwa amekaa juu yake siku nzima na chombo chake cha setilaiti, akakuta bonde linatosha, kwa upana wa kiganja. Na Malachy, aliyeamka chini ya nundu hiyo miaka sabini na minne, hakuwahi kuikanyaga. Alipita pembeni yake mara mia akienda kwenye vilele vyenye jina, kwa kuwa hiyo haikuhesabiwa. Ni watu hawa tu wanaoweza kufanya kosa kama hilo.

Malachy alicheka hadi akakohoa. "Umenivua taji, Assumpta! Na ile keki tulishakula!"

"Basi itaokwa nyingine," alisema Assumpta. "Fimbo tutaleta sisi."

Nuala alikuwa ameshika birika, na chai ilikuwa inamwagika kwenye sahani bila yeye kuona. Alikuwa anangoja kusikia jina. Malachy alimgeukia.

"Una viatu?" alimuuliza.

Nuala aliliweka birika chini. Akaenda kwenye stoo ya chini ya ngazi, akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na viatu vya mlimani, vipya, vimefungwa karatasi. Alivinunua mwaka 2005, wiki ileile Malachy alipojiunga na chama, akangoja kuulizwa.

Assumpta alivitazama viatu, akamtazama mwenye viatu. Siku hiyo alinyweshwa chai kwenye kikombe cha wageni.

Walipanda tarehe 11 Mei 2019. Trekta la jirani liliwafikisha mwisho wa msitu, na pale juu palipobaki palichukua asubuhi nzima, kwa sababu mmoja alikuwa na pumzi ndogo na mwingine nyonga ya chuma.

"Kisigino vipi?" Malachy alimuuliza njiani.

"Wewe tazama mbele. Hapa hakuna ziwa la kuniacha."

Fimbo ziliinuliwa. Ya mwisho kabisa ilishikwa na Assumpta, na ilikuwa chini kidogo kuliko nyingine, lakini Nuala hakuinamisha kichwa. Waligusa mawe pamoja, mkono wake juu ya wa mumewe. Picha mnayoiona kwenye jalada la kipeperushi ndiyo hiyo. Alipiga Assumpta. Ile ya Mweelrea ipo bado jikoni, na kitambaa bado kinahitaji mahali pa kukaukia.

Malachy aliishi miaka miwili na nusu baada ya hapo. Kitanda chake kiligeuzwa kielekee Knockabranna. Kila Alhamisi Assumpta alikuja kumsomea habari za vipimo vipya vya milima, na Nuala aliacha mlango wazi akafanya kazi zake kwenye korido. Alhamisi moja ya mwezi uliopita alisikia wakitaja nundu fulani huko Kerry ambayo huenda nayo ikawa kilele. Aliingia na ufagio mkononi.

"Bi Looby. Utakwenda kuipima?"

Assumpta alifunga begi lake polepole.

"Chombo kimeharibika, dada Nuala," alisema.

Malachy aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Novemba 2021, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa amevimaliza vilele vyote, na hakijapatikana kingine.

Tutakapotoka, watu wa mlimani watainua fimbo zao kwenye lango la makaburi, kama walivyoomba. Mkewe amekubali. Atakayepita na jeneza chini ya fimbo hizo ni yeye.

Marehemu ameacha mjane, Nuala, binti, Gráinne, na mumewe Colm, wa Cork, mwana, Declan, wa Perth, Australia, wajukuu watatu, kaka yake, Canice, na wenzake wote wa mlimani, akiwamo Bi Assumpta Looby, ambaye mjane mwenyewe ameagiza atajwe, na atajwe mwisho.

Pumzika, Malachy. Umefika, na uliyefika naye anajulikana.