Hija ya Wilhelmina na Kasmiri

Padre, wafiwa wenzangu na majirani wote wa Ngulyati, nawasalimu, mwangaluka, mimi ni Deogratias Mayunga, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma kusoma habari ambazo ningependa zisomwe na mtu mwingine.

Wilhelmina Nyanjige Mayunga alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 huko Mwamapalala, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1960, akaachishwa ili alee wadogo zake, nikiwemo mimi. Tarehe 8 Agosti 1969 alifunga ndoa hapa Ngulyati na Bwana Kasmiri Salu, wakalima pamba na mahindi, wakajaliwa watoto wanne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemshinda kwa maneno, shemeji ni shahidi.

Mwaka 1993 kitinda mimba wao, Minza, aliugua homa ya uti wa mgongo, nao wakaweka nadhiri kwamba akipona watakwenda hija kwenye kanisa la Bukumbi, kule Mwanza, kwa miguu, wote wawili, bila kupanda gari. Minza akapona. Mwaka uliofuata wakaingia wanunuzi binafsi wa pamba, kila mtu akapanua shamba, na wao wakawa wanasema tukishavuna, tukishavuna.

Januari mwaka huu 1996 dada alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, daktari akasema ni moyo, akamkataza kazi nzito, lakini yeye alishikilia kwamba nadhiri isipotimizwa atakayedaiwa ni Minza. Padre alimweleza kwamba Mungu hamdai mgonjwa, mimi nilifoka, wala hatukumuweza.

Waliondoka tarehe 15 Julai, yeye mbele polepole, shemeji nyuma na mzigo kichwani, jambo ambalo wanaume wa hapa hatulifanyi, na walipopita Malampaka watu walimcheka, naye akatembea tu. Karibu na Misungwi dada alianguka, wakapokelewa nyumbani kwa mwenyeji wa pale, Mama Felisita, mganga wa zahanati akasema asisogezwe, ndipo dada akamwamuru mumewe akamalizie safari kwa niaba ya wote wawili. Shemeji alikataa, dada akalia, shemeji akaenda. Ndugu zangu, angefanya nini?

Mama Felisita anasema siku nzima dada aliuliza kama Kasmiri amefika. Alifariki tarehe 24 Julai jioni, wakati shemeji amepiga magoti kanisani Bukumbi, akimwombea apone.

Ukoo wa Mayunga haumlaumu. Na wewe Minza, mimi mjomba wako nasema mbele ya Padre, hudaiwi chochote.

Tunamshukuru daktari, mganga wa zahanati, Mama Felisita aliyemuuguza mgeni kama ndugu, wanakwaya wenzake, wakulima wenzake wa chama cha msingi cha ushirika, na ninyi majirani mliolala nasi hapa msibani.

Dada, Kasmiri alifika. Sasa pumzika.