Ketty Holm Hatakuja Kukata Utepe

Mheshimiwa Meya; Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika na wajumbe wa Bodi; ndugu wafugaji, ambao maziwa yenu ndiyo yaliyotukusanya; wateja wetu mliosafiri kutoka mbali; na wewe Vibeke Thorup, meneja wetu, ambaye duka hili jipya ni jasho lako: nawasalimu nyote kwa heshima, na naomba mniruhusu niiegemee meza hii ninapozungumza, kwa sababu miguu yangu imestaafu kabla yangu.

Kwa wasionijua, naitwa Thyge Bundgaard. Nilifundisha katika shule ya hapa kwa miaka thelathini na minane, kisha nikawa mwenyekiti wa ushirika huu wa jibini, kabla ya huyu wa sasa. Vibeke alikuwa mwanafunzi wangu, na mpaka leo ananiita Mwalimu. Mwezi uliopita daktari wa moyo aliniambia, kwa upole mwingi, nisipange safari yoyote ya kiangazi. Ratiba yenu inasema nimesimama kutoa salamu za wazee. Nimesimama kuungama.

Mmekiona kiti hiki cha mbele, kilichofungwa maua. Kimewekwa kwa ajili ya Bi Ketty Holm, mteja anayependwa kuliko wote katika ukurasa wetu wa mtandaoni, ambaye mmeambiwa leo atakata utepe. Hatakuja. Ketty Holm hayupo, wala hajawahi kuwapo. Kila neno aliloliandika kwa miaka saba nililiandika mimi.

Namwona Sejr Kristoffersen ameinua kichwa. Sejr, ndugu yangu, umewasimulia watu wa kilabu cha mpira kwamba uliwahi kucheza dansi na Ketty kwenye moto wa sherehe za Juni, na kwamba alikukanyaga vidole. Pole sana. Hakuwa yeye, na mimi sikuwapo.

Mnacheka, ni haki yenu. Lakini nisikilizeni jinsi jambo lilivyoanza.

Miaka saba iliyopita, mwezi wa tatu, kipimajoto cha ghala la kukomazia jibini kilivunjika. Badala ya kununua kingine siku ileile, tulikisia. Tulikisia kwa siku tisa. Jibini likaoza ndani, likiwa zuri kwa nje, na lilikuwa limeshafika madukani. Bodi ilikutana, mimi nikiwa mwenyekiti, tukakubaliana kutangaza kwamba kuna matengenezo na kwamba bidhaa zitaadimika kidogo. Vibeke alikuwa meneja kwa mwaka mmoja tu. Alisimama akasema, "Watu hawa wanawapa watoto wao jibini letu. Mimi sitaandika matengenezo."

Akaenda akaandika ukweli kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Aliandika kwamba kipimajoto kilivunjika, kwamba tulikisia, kwamba kosa ni letu, na kwamba kila kipande kirudishwe. Akaweka jina lake chini, na namba ya simu yake mwenyewe.

Je, mnakumbuka kilichofuata? Hakikufuata kitu. Watu elfu mbili walisoma, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Sisi watu wa huku magharibi ya Jutland tunajijua. Anayezungumza kwanza huonekana anataka kutazamwa, basi kila mtu alimsubiri mwenzake. Tukisifu sana, tunasema kitu si kibaya, halafu tunazungumzia mvua. Siku ya pili, siku ya tatu, kimya. Nilipita ofisini kwake nikamkuta anautazama ule ukurasa kama mtu aliyegonga mlango wa jirani, anasikia watu ndani, na hawamfungulii. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia gari lake lina tairi linalopungua upepo.

Nyumbani nilikuwa na simu niliyopewa na mjukuu wangu. Nikamtunga mwanamke. Jina la Ketty nililitoa kwa shangazi wa marehemu mke wangu. Picha ilikuwa ya maua yaliyo dirishani kwangu. Maneno niliyatoa kwa mke wangu mwenyewe. Inger alizaliwa kisiwa cha Fyn, ambako watu hufungua midomo, na alikuwa akisifu kila kitu: mawingu, mbwa wa watu, mwandiko wa postamasta. Nikajiuliza Inger angesemaje, nikaandika: "Nimelipenda jibini lenu kwa miaka thelathini. Leo nimewapenda ninyi. Mkikomaza jingine, nitakuwa wa kwanza mlangoni."

Baada ya saa moja Sejr akaandika kwamba na yeye atakuwepo. Akafuata mkewe, akimuuliza tangu lini yeye huamka mapema. Kufikia jioni walikuwa mia mbili. Watu hawakukosa upendo, jamani. Walikosa wa kuanza.

Ningeishia hapo, labda kosa lingekuwa dogo. Sikuishia. Ketty aliuliza ng'ombe wanaitwaje, wafugaji wakatuma picha. Ketty aliuliza kwa nini jibini la vuli ni la manjano zaidi, Vibeke akajibu kwa subira, na wanafunzi wa mjini wakaja kuona. Vibeke alimjibu kila mtu kwa jina lake, na alipokosea alisema amekosea. Ndivyo imani ilivyojengwa hapa, Mheshimiwa Meya, uliyeuliza juzi siri yetu ni nini. Ilijengwa na yeye, kwa ukweli. Nami nilikuwa pembeni nimevaa gauni la mtu mwingine.

Sasa nafika mahali penye uzito, na Vibeke ameniruhusu kupasema.

Miaka minne iliyopita, wakati wa vuli, alimwandikia Ketty barua ya faragha. Alisema amepata kazi kwingine na anataka kuondoka, kwa sababu hapa hajui kama anafanya vyema au vibaya. Alisema, "Kuna mzee mmoja alinifundisha shuleni. Ningefurahi kusikia kwake neno moja tu. Huja kila Ijumaa, huonja jibini, hukohoa, hurudi kwake."

Niliisoma barua hiyo nikiwa nimeketi kwenye kiti cha Inger. Nikamjibu kwa jina la Ketty: usiondoke, wewe ndiwe moyo wa mahali hapo. Akabaki. Ijumaa iliyofuata nikaenda kiwandani kama kawaida. Nikaonja. Nikakohoa. Nikarudi kwangu.

Mtu wa namna gani hufanya hivyo? Nimejiuliza sana. Ana neno jema mfukoni, mwenye neno lake amesimama mbele yake amenyoosha mikono miwili, naye anakwenda nyumbani kumtumia kwa jina la mwanamke asiyekuwapo. Sikuwa na chuki. Niliona haya, tena haya ya kipuuzi, ya mtu aliyekulia nyumba ambayo baba alisifu farasi peke yao.

Mwezi uliopita Bodi ikaamua Ketty akate utepe. Mwandishi wa gazeti la wilaya akamtafuta ili amhoji, asimpate katika orodha yoyote ya wakazi. Akamwendea Vibeke na kumuuliza waziwazi kama Ketty amebuniwa na kampuni. Vibeke akamwambia, "Ketty ni mtu. Niko tayari kuweka jina langu juu ya hilo."

Jina lake. Lile lile aliloliweka chini ya habari ya kipimajoto. Hapo nikaelewa kwamba nikifa na siri hii, itafukuliwa siku moja, na atakayeitwa mwongo si mimi niliye kaburini, ni yeye, mtu pekee kati yetu aliyekataa kudanganya.

Jumanne nikamwita kwangu. Kahawa ikapoa tukiwa hatujaigusa. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, nilimwandikia Ketty nikilia wakati mama yangu alipokufa. Kumbe wewe ulikuwa umekaa viti viwili nyuma yangu kanisani siku ya mazishi?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukanipa mkono mlangoni, ukaniambia barabara ina barafu."

Nikasema ndiyo.

Akachukua koti lake akaondoka. Sikumlaumu. Kesho yake akarudi, macho mekundu, akaketi bila kuvua koti. Nikamwomba afute maneno yote ya Ketty kabla hayajamharibia. Akasema, "Hatufuti. Jibini lilipooza hatukufuta. Utakwenda kuwaambia mwenyewe, kwa mdomo wako, na mimi nitaandika jina lako chini ya kila neno." Kisha akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akanikatia mkate.

Basi, ndugu wanachama, nawaomba radhi. Nyinyi mlioandika mkimjibu Ketty, maneno yenu yalikuwa ya kweli na yanabaki yenu. Bibi Alma Dissing, uliyemwokea Ketty keki mara mbili, naye kila mara akaandika kwamba ameugua ghafla: nisamehe, nilikuona ukirudi nayo. Mwandishi wa gazeti, nakuona pale mlangoni. Andika kwamba meneja hakujua. Andika kwamba mzee Bundgaard alijua, na uliandike jina langu lote. Na mwanachama yeyote atakayeona duka hili limesimama juu ya udanganyifu, aje kwangu, nyumba ya mwisho kabla ya kanisa, aniambie. Asimwendee Vibeke.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo halimo kwenye karatasi. Vibeke, mwanangu, naomba usimame hapa karibu, maana macho yangu hayafiki huko.

Siku ile ulipokataa kuandika uongo, mimi mwenyekiti wako nilikuwa nimekosea, na wewe ulikuwa sahihi. Nimefundisha watoto mia tisa, na sijawahi kujivunia mtu kama ninavyojivunia wewe. Kazi yako ni nzuri. Imekuwa nzuri kila Ijumaa niliyokuja hapa. Ninayesema ni mimi, Thyge, na ninasema nikikutazama.

Tafadhali kata utepe wewe.

Ndugu zangu, mmenivumilia kuliko nilivyostahili, na kwa hilo nawashukuru wote. Sasa naomba mtu anishike mkono, nikae.