Mama Swichi, Mkuu wa Chuo Aliyewasha kwa Mkono Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alianza shule mwaka 1959, na baada ya sekondari alisomea ualimu wa ufundi umeme, mwanamke pekee katika darasa la watu ishirini na sita. "Dada, hata jikoni kuna moto," walimtania. Alipomaliza wa kwanza, utani uliwakaukia midomoni.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika chuo cha ufundi cha wanawake. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na mpima ardhi, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 1 Januari 1989 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo. Wanafunzi walimwita Mama Swichi, kwa kuwa hakutia saini cheti cha umeme kabla ya kuwasha, kwa mkono wake, kazi ya kila mwanafunzi.

Tarehe 22 Novemba 1996, asubuhi ya mahafali, alikuta kisanduku cha mwisho cha kugawia umeme karakanani hakina waya wa ardhini, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme. Kilikuwa cha binti wa mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti aliingia, akafunga mlango.

"Mama Mkuu, wageni wameshakaa. Tia saini, atarekebisha Jumatatu."

"Jumatatu atakuwa nyumbani kwa mtu anafunga umeme, mzee wangu."

"Basi Jumatatu usije ofisini."

Marehemu aliweka kalamu mezani, akamgeukia binti aliyesimama kando ya kisanduku chake. "Vua joho, mwanangu. Polepole. Umeme haumjui baba wa mtu."

Dakika arobaini zilipita, binti akifunga waya, ukumbi ukinung'unika. Hatimaye marehemu alikagua, akawasha, akakishika kisanduku kwa kiganja kizima. Ndipo akatia saini.

Barua ya kusimamishwa kazi haikuchelewa. Alikaa nyumbani miezi kumi na minne, hadi bodi mpya ilipomrejesha. Barua ya kwanza ya kumtetea iliandikwa na binti yule yule, akijua fika nani angekasirika. Marehemu alistaafu mwaka 2011.

Aliugua figo kuanzia Februari 2023. Hata wodini alimuuliza muuguzi, "Mashine hii nani kaikagua?" Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa pembeni.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanawake 1,146 wenye vyeti alivyovitia saini. Hakuna hata kimoja alichokionea haya.

Mungu amjalie pumziko la amani.