Siku Mwano Ulipoitikiwa

Shikamooni wazazi. Vijana wenzangu, hamjambo? Maneno yangu yakitoka na upepo mnisamehe. Meno mawili ya mbele niliyaacha kwenye njia ya misafara, na leo nawasimulia yalivyotoka.

Kibanda changu huku Uyui mnakijua. Wageni wanatembezwa njia ya zamani, halafu wanakula kuku wa kienyeji, ugali, uyoga, na asali ya kuchovya. Mimi niliishia la saba, ila ndoto sikuzipunguza. Nikasema wageni wasile tu, waone na igizo: msafara unavamiwa na majambazi. Binamu yangu, mwanakwaya mpole kuliko kondoo, tukampaka masizi na kumvika gunia, akawa mkuu wa majambazi. Mimi nikawa mke wa mbeba mizigo. Kazi yangu kupiga mwano, yowe letu la kuomba msaada.

Ndugu zangu, mwano wetu si kelele tu. Ukiusikia unaacha jembe, unashika rungu, unampokeza jirani yowe, unakimbia. Hatuulizi. Kijijini kwetu nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia ni igizo. Kijiji cha pili sikufika, nilidhani hawatasikia.

Nikaupiga. Wageni wakapiga makofi! Igizo lilikuwa tamu mpaka filimbi zilipolia nyuma ya mashamba ya tumbaku.

Sungusungu hao, walinzi wa kijiji cha pili. Rungu la kwanza lilimpata binamu begani, nikasikia mfupa. Akaangukia jiko, mchuzi wa moto ukammwagikia mguuni.

"Tunaigiza! Tunaigiza!"

"Kaigize kaburini!"

Nikamlalia juu. Fimbo iliyokuwa yake ikatua mdomoni kwangu, damu ikamchuruzikia usoni. Nikageuza macho, namwona mtu kainua jiwe la kusagia, la jikoni kwangu mwenyewe.

Mama anayetupikia akapenya na mwiko, akamgonga kamanda wao kichwani, pwaa! Akafuta uso wa binamu kwa pindo la kanga, masizi na damu pamoja.

"Tazama wewe! Jambazi gani huyu? Si ndiye aliyemwimbia binti yako harusini?"

Kamanda akatazama. Yule wa jiwe akalishusha polepole.

"Yesu wangu," kamanda akasema, "nimeua mtoto wa watu."

Hakufa. Waliompiga ndio waliombeba kwa kanga mpaka barabarani. Lakini wageni walishatawanyika, na mimi nikafunga kibanda, nikaapa sitapiga mwano tena, hata nyoka akiingia kitandani. Refa akipuliza filimbi uwanjani, najifungia ndani. Kamanda alikuwa analeta uji wa mgonjwa. Napokea kikombe, simtazami. Binamu ndiye aliyenisukuma: "Dada, fungua kibanda. Uji umenichosha, nataka kuku." Tukafungua, bila igizo.

Ndipo akaja mwalimu mmoja wa mjini, akataka kupigwa picha karibu na mzinga. Nyuki wakamfunika. Akawa anajiviringisha chini, analia, nyuki wanamwingia mdomoni. Nikamvuta mkono, wakanivaa na mimi, puani, machoni. Nikafungua mdomo niite watu, sauti ikagoma. Nawaambia ukweli, niliwaogopa waokozi kuliko nyuki. Nilimwona mwalimu yule anaacha kurusha miguu.

Nikapiga mwano. Bila meno, lakini niliupiga.

Wakaja. Kijiji kile kile, marungu yale yale, kamanda mbele. Walipoona, wakatupa marungu, wakachoma majani mabichi, moshi ukatanda. Kamanda akavua shati akamfunika mwalimu, yeye mgongo wazi, nyuki wakamla mpaka akaangukia magoti. Hakumwachia.

Mwalimu amepona. Juzi alirudi na mumewe kula uyoga. Mzinga aliupungia mkono kwa mbali.

Asante mama wa mwiko. Asante binamu, uliyekataa uji. Na wewe kamanda, baba yangu, uliyejificha nyuma pale na kofia, usiiname, nakuona. Wenzangu, kilio cha kuomba msaada tusikifanye mchezo, kwa sababu kuna mtu anaacha jembe lake. Na siku ukizidiwa kweli, usikimeze kwa aibu.

Siku ile ya nyuki, sote tumevimba kama maandazi, nilimuuliza kamanda: "Baba, hukuwaza kwamba labda naigiza tena?"

Akasema, "Niliwaza, mwanangu. Niliwaza huku nakimbia."